Chapa Kwenye Paja la Supra

Elina Ngassa alikuwa na karatasi ya talaka yenye muhuri wa mahakama, ameifunga kwenye nailoni isiloe, na bado kila msimu wa mpunga mume alikuwa anakuja kuchukua magunia. Haya, nyie mliosoma, elezeni hilo. Jilala alikuwa anafika Bariadi na pikipiki mbili, anasimama mlangoni kwa Elina bila hata kuvua kofia, anahesabu magunia kwa kidole na kuchukua anayoyataka.

"Karatasi ni ya serikali," alikuwa akisema. "Mimi nauliza ng'ombe zangu. Ziko wapi?"

Na hapo ndipo penye shida: ng'ombe wa Jilala walikuwa gari.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2009 Jilala, mwenyeji wa Kimali huko Meatu, alimwoa Elina kwa ng'ombe kumi na wawili. Kwa desturi ya kwao, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Kaka alikuwa mmoja tu, Luhaga, fundi pikipiki pale Sapiwi, kijana mwenye mikono myepesi na akili inayotembea peke yake. Wazee walimwambia awachukue wale ng'ombe akaoe. Luhaga akawaswaga hadi mnadani, akawauza wote, akapanda basi la Mwanza. Baada ya siku nne alirudi na gari dogo jeusi, limelala chini tumbo karibu liguse ardhi, viti vyake vya nyuma havimtoshi hata mbuzi. Kilometa ya mwisho lilivutwa na maksai wa jirani. Supra ya mwaka 1994, kutoka Japani, tabo mbili za kuipa injini nguvu, gia sita za mkono. Luhaga aliyataja hayo yote kwa fahari, na mama yake akakaa chini akalia. Baba yao, Mzee Ngassa, hakumsemesha tena hadi anaingia kaburini.

Sasa ndoa ya Elina ilipovunjika, ndipo lile gari lilipoanza kumuuma yeye kuliko wote. Jilala alikuwa ameuza pamba ya Elina, pamba aliyoipalilia akiwa na mtoto mgongoni, akaongezea mke mwingine. Elina akamchukua Specioza, mtoto wake, akaondoka. Alifika kwao na machozi, na baba zake wadogo wakamsikiliza vizuri sana, wakamwonea huruma, wakamkaribisha chakula. Kisha wakasema: warudishwe ng'ombe kwanza. Wasiporudishwa, wewe ni mke wa Jilala, hata ukihamia mwezini.

Kwa hiyo alihamia Bariadi, akapanga chumba, akalima mpunga kwa kukodi na kuuza mchele sokoni. Na kila mwaka alikuwa anapanda bodaboda kwenda Sapiwi kumwambia kaka yake neno moja.

"Uza."

"Nani analitaka, Elina?" Luhaga alikuwa akijibu, kichwa kiko ndani ya injini ya pikipiki ya mtu. "Chuma chakavu hiki. Nikipeleka wanakata wanapima kilo."

Elina aliamini. Na wewe ungeamini. Gari lilikuwa limefunikwa turubai, juu ya turubai magunia ya pamba, juu ya magunia kuku wanalala. Jumamosi moja moja Luhaga alikuwa analiwasha, analisikiliza kwa dakika kumi, analizima, analifunika. Halikwenda sokoni, halikubeba mgonjwa, halikuleta hata chumvi. Watoto wa Sapiwi waliliita mfalme aliyelala.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Luhaga alikuja mwenyewe sokoni Bariadi. Alivaa shati safi. Elina alipomwona na shati safi siku ya kazi akajua kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimepata mteja wa gari." Akainama, akashusha sauti. "Milioni mia moja na kumi."

Elina alikaa juu ya gunia la mchele. Mteja wake alikuwa amenyoosha mkono anasubiri chenji, akasahauliwa.

"Wewe Luhaga, umelewa?"

Hakuwa amelewa. Alimweleza taratibu. Magari ya aina ile yalitoka mengi, lakini vijana waliyanunua wakayagonga, wakayapaka rangi za ajabu, wakayatoa injini, wakayakata mabati. Sasa wale waliokuwa watoto yakiwa mapya wamekuwa matajiri, wanalitafuta lile walilolitamani udogoni, na lililobaki zima, rangi ya kiwandani, injini yake yenyewe, gia za mkono, hulipati. Likipatikana, bei anataja mwenye nalo. Mteja alikuwa mama mmoja wa Mwanza, anaitwa Wilhelmina, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na hayo magari ndiyo ugonjwa wake. Alikuwa na sharti moja: hanunui gari lenye mgogoro. Kadi ya gari ilikuwa na jina la Luhaga, sawa, lakini alikuwa amesikia habari za ng'ombe. Alitaka barua ya kijiji inayosema hakuna mtu mwingine anayelidai.

"Basi Jilala aitwe," Elina alisema. "Aje mbele ya mwenyekiti, aahidiwe ng'ombe zake kumi na mbili, asaini, anitoke."

"Usimwite. Tutamlipa baadaye kimya kimya."

"Nimekaa kimya kimya miaka kumi na moja, kaka. Aitwe."

Akaitwa. Na kwa hilo Elina alikuja kujilaumu kidogo, halafu akaacha.

Siku yenyewe watu walianza kujaa nyumbani kwa Luhaga tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mashimba, alikuja na muhuri mfukoni na njaa tumboni, akauliza kuku ni wangapi kabla hajauliza mambo ya gari. Jilala alifika na wadogo zake wawili, na gunia lenye kitu kirefu ndani. Alimsalimia kila mtu, "Mwangaluka, mwangaluka," akamfikia Elina, akamruka, akaendelea na aliyefuata. Elina akasonya kwa sauti, watu wakasikia.

Mama Wilhelmina alishuka kwenye pikapu yake, mwanamke mnene mwenye miwani, akaomba kanga. Elina akampa. Akaitandika chini ya gari, akalala chali na tochi kama fundi, watu wakashangaa hadi basi. Akasoma namba ya chesesi kwa sauti, akalinganisha na kadi. Akafungua boneti akasoma ya injini. Kisha akatoa kidude kidogo kinachopima unene wa rangi, akakigusisha mlango, boneti, paa, ubavu wa nyuma, kila mahali anatazama tarakimu, anatingisha kichwa.

"Halijarudiwa rangi hata mara moja," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Luhaga, baba, umeweza vipi? Hata panya hawakuingia?"

"Panya ni kazi ya dada," Luhaga alisema. Ni kweli. Dawa ya panya alikuwa anaileta Elina kutoka Bariadi kila akija, kwa sababu chuma chakavu au siyo, ndio ng'ombe wake pekee.

"Mia na kumi iko palepale," alisema Mama Wilhelmina. "Tule, tuandike barua, nipige simu benki."

Wakaingia ndani kula. Jilala alisema ameshiba, atabaki nje na ndugu zake. Elina alitazama lile gunia lenye kitu kirefu, akataka kuuliza, akaitwa jikoni kupakua wali. Basi walipokuwa katikati ya kula, Mzee Mashimba anagombana na paja la kuku, harufu ikaingia. Siyo ya jikoni. Harufu ya plastiki na kitu kichungu kinachokereketa koo.

Luhaga alikuwa wa kwanza kutoka, na kilio chake ndicho kilichowatoa wengine.

Moto wa mama pishi ulikuwa umesogezwa karibu na gari, watoto wa kijiji wamezunguka wanatazama. Jilala alikuwa amesimama na chuma cha kupigia ng'ombe chapa, ncha yake bado nyekundu, na kwenye ubavu wa nyuma wa kulia wa Supra, palepale juu ya tairi ambapo ng'ombe angepigwa pajani, kulikuwa na alama yake: herufi J yenye mstari chini. Rangi ilikuwa imechemka na kuvimba, kandokando imekunjamana, na bati linaonekana.

"Ndiyo," Jilala alisema, hana wasiwasi hata chembe. "Mnyama asiye na alama ni wa yeyote aliye naye zizini. Sasa ana alama. Nimepiga mchana, mbele za watu, sikuiba. Nani hajaona?"

Luhaga alikaa chini kwenye vumbi akalia. Mwanaume mzima wa miaka arobaini na tano, machozi na kamasi. Wala msimcheke.

Mama Wilhelmina aliinama, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Ungepiga mlangoni," alimwambia Jilala, karibu kwa upole, "ningetafuta mlango mwingine Japani. Boneti, ningetafuta boneti. Hapa ni mwili wenyewe, hapafunguliwi. Ni kukata na kuchomelea. Baba, umefanya nini?"

"Nimeweka alama kwenye mali yangu."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote. Mzee Mashimba, ambaye alikuwa ametoka na mnofu mkononi, alipiga mikono, akaamuru viti vitolewe, wakakaa barazani. Akamwambia Jilala aseme, na jamani, Jilala alijua kusema.

"Nilitoa ng'ombe kumi na mbili," alianza. "Huyu bwana hakuzila, hakuoa nazo. Alizibadilisha. Nyie wote hapa mnabadilisha dume kwa majike mawili, na yale majike yanabaki kuwa mali ya yule mwenye dume. Uongo? Basi zile ng'ombe zangu ndizo hizi hapa, zina matairi. Sasa mwanamke akitoka, narudishiwa ng'ombe na ndama zao. Uongo? Gari lilinunuliwa milioni sita, leo ni mia na kumi. Hiyo iliyoongezeka ni nini kama siyo ndama? Nataka gari langu, au nataka pesa yote."

Na wazee wakatikisa vichwa. Elina aliwaona, mmoja baada ya mwingine, hata baba yake mdogo, wanatikisa kwa kukubali. Maana maneno yale yalikuwa na sura ya haki, na yeye mwenyewe, binti wa mfugaji, hakuona tundu lake. Aliona tu msimu ujao, na unaofuata, na pikipiki mbili mlangoni.

"Kadi ina jina langu," Luhaga alisema, bado anafuta pua.

"Kadi ni karatasi," alisema Jilala. "Dada yako naye anayo moja."

Watu wakacheka. Na kile kicheko ndicho kilichomwamsha Elina. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, akasimama bila kupewa nafasi, akamgeukia yule mgeni wa Mwanza.

"Mama, kabla ya hii alama gari lilikuwa shilingi ngapi?"

"Mia na kumi."

"Na sasa?"

Mama Wilhelmina alifikiri. Hakuwa mtu wa kubahatisha. "Sabini. Na hiyo ni kwa sababu nalipenda. Mwingine angekupa sitini."

"Zimepotea arobaini."

"Arobaini, ndiyo."

Elina akamgeukia Jilala. Alikuwa hajamtazama usoni kwa miaka. "Hiyo alama ni yako?"

"Ni yangu."

"Umepiga kwa mkono wako, hukutumwa?"

"Nani wa kunituma mimi?"

"Na bei iliyopanda ni ndama?"

"Ni ndama. Nimeshasema, unanichosha."

"Mwenyekiti," Elina alisema, "mnadani ng'ombe mzuri anakaribia milioni moja. Huyu bwana ameingia kwenye zizi la watu leo akachinja ndama arobaini, mchana, mbele za watu, na anajisifu. Mimi nauliza, mtu akishachinja arobaini kwa mkono wake, anadai ndama gani tena?"

Mzee mmoja pale nyuma akasema "Weee!" na baraza lote likalipuka. Watu walicheka hadi wengine wakashuka uani. Mdogo wake Jilala mwenyewe aliziba mdomo, mabega yanamtikisika.

"Sikujua kama itashuka bei!" Jilala alipiga kelele.

"Ndama hawaulizi kama ulijua," alisema Mzee Mashimba, na alionekana kuwa na furaha kuliko mtu yeyote siku ile. "Ng'ombe wako kumi na wawili utapewa, wakubwa, wazima, hakuna kilema. Ndama umeshawala. Tena umewala wote peke yako hukutukaribisha." Akachomoa muhuri. "Andika, Luhaga, mimi nagonga."

Jilala alibisha, akatishia, akaita majina ya baba zake. Lakini mtu aliyechekwa na baraza zima hana sauti tena, na alilijua hilo. Alisaini kwa dole gumba, ingawa kuandika anajua, ili kuonyesha dharau. Elina aliliangalia lile dole likikandamizwa kwenye karatasi. Imekwisha. Mpunga ni wake. Alitaka kupiga vigelegele, akapiga kweli, na wanawake wa jikoni wakamjibu.

Mama Wilhelmina alimkumbatia. Alikuwa mtu wa moyo mwema, na alichokisema alikisema kwa wema.

"Na umshukuru kaka yako, mdogo wangu. Wenzake wote waliuza mapema. Huyu nilimfuata mwaka 2017 nikiwa na milioni ishirini na sita taslimu, nimezibeba kwenye mkoba. Akakataa. Mwaka 2020 nikarudi na arobaini na tano. Akanicheka! Akaniambia, mama, bado inapanda. Nilikasirika, lakini alikuwa sahihi."

Elina alibaki na mikono ya yule mama mabegani. "Mwaka gani?"

"2017. Mwezi wa saba kama sikosei."

Elfu mbili na kumi na saba. Mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa mavuno. Mwaka ule Jilala alichukua magunia kumi na moja, na alipokatazwa, alimsukuma Elina akaanguka kwenye kizingiti, mkono ukavunjika. Ng'ombe mmoja mwaka ule alikuwa laki sita. Kumi na wawili ni milioni saba na kidogo. Hesabu hiyo hata Specioza, aliyekuwa darasa la kwanza, angeiweza. Alimtafuta kaka yake kwa macho. Luhaga alikuwa amesimama karibu na gari, kidole chake kinapapasa kandokando ya ile alama, na alikuwa amesikia.

"Uliniambia hakuna anayelitaka," Elina alisema.

"Ilikuwa inapanda."

"Nilikuja kwako na mkono umefungwa POP. Nikakwambia uza. Ukasema chuma chakavu."

"Elina, ilikuwa inapanda! Kila mtu alisema inapanda. Ningeuza wakati ule tungerudisha ng'ombe tukabaki na vijisenti. Nilitaka tukirudisha, na wewe ubaki na kitu. Nilikuwa nakutunzia."

Alikuwa anasema kweli, au alikuwa anaamini kwamba anasema kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Elina hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vyake, akapanda bodaboda akarudi mjini.

Mambo mengine yalikwenda kama yalivyoandikwa. Mama Wilhelmina alituma pesa benki, akaja na lori la kubebea magari, likamchukua mfalme aliyelala na jeraha lake. Ng'ombe walinunuliwa kwenye mnada wa Mwanhuzi, wakubwa, wazima, wakapelekwa Kimali na Mzee Mashimba mwenyewe, aliyerudi amelewa na barua ya mapokezi mfukoni. Msimu ukapita, na pikipiki mbili hazikuonekana.

Luhaga alikuja sokoni wiki ya pili. Hakuwa na shati safi. Alisimama mbele ya meza ya mchele kama mteja, akasubiri Elina amalize kumpimia mtu, kisha akaweka mezani risiti ya benki. Milioni hamsini na nane, kwenye akaunti ya Elina Ngassa. Yote iliyobaki. Hakujibakizia hata ya spana.

Elina aliisoma mara mbili. Aliikunja, akaitia kwenye mkoba wa kiunoni, akafunga zipu.

"Nimekupa yote," Luhaga alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Sina kitu. Sina gari, sina mke, nina wewe tu. Tumemalizana, dada?"

Hakuwahi kumwita dada ana kwa ana, kwa sababu yeye Luhaga ndiye aliyemzidi miaka mitatu. Elina alilisikia neno hilo na lilimchoma, asiseme mtu halikumchoma. Alimtazama huyu kaka yake, kichwa kimeanza mvi, mikono ina grisi ambayo haitatoka tena.

"Pesa nimepokea," alisema.

Luhaga alisubiri. Mama mmoja akaja akauliza mchele wa Magugu bei gani, na Elina akamwambia hauzi wa Magugu, anauza wa kwake, wa Bariadi, akachota kiganja akamwonyesha. Walipomaliza kupatana, Luhaga alikuwa bado amesimama palepale, na Elina akamwomba asogee, anazuia wateja.